Kutuma pesa kidogo ng'ambo bila kuliwa na makato

Kila mwaka, wiki mbili za kwanza za Julai, saiba yangu hapa Kisumu hujaa vijana wenye bahasha za vyeti. Tarehe 15 Julai ndiyo mwisho wa maombi ya muhula wa majira ya baridi katika vyuo vingi vya Ujerumani, na karibu kila mmoja wao amekwama mahali pamoja. Vyeti viko tayari, barua imeandikwa, zimebaki yuro chache tu za ada. Ukipitia uni-assist, shirika linalopokea maombi kwa niaba ya vyuo vingi vya huko, ni yuro 75 kwa ombi la kwanza na 30 kwa kila ombi linalofuata muhula huohuo. Pesa zenyewe kijana ameshachangiwa na wajomba. Njia ya kuzifikisha ndiyo hana.

Si vijana tu. Yupo mama anayeuza vitenge katika soko la Kibuye, na anayempa mzigo yuko Kampala. Yupo mwalimu mstaafu anayelipia tovuti ya kanisa lao. Yupo fundi anayenunua mitindo ya nguo mtandaoni kwa dola 6, anaichapisha kwangu, anaikata, na wiki ijayo gauni liko dirishani. Nimewaelekeza wote hawa, na makosa ya kazi hii nimeyaona karibu yote, kuanzia na langu mwenyewe.

Langu lilikuwa hivi. Nilitaka kutuma yuro 40 kwa chuo kimoja ng'ambo. Nikaingia benki moja, nikajaza fomu, nikakatwa ada, nikapewa risiti yenye muhuri. Wiki ya pili nikaandikiwa kwamba zimefika 25. Nikarudi benki na risiti yangu mkononi. Karani akaniambia wao walituma 40 kamili, na risiti inasema hivyo. Alikuwa anasema kweli. Yuro 15 zilikatwa njiani na benki ya katikati ambayo hata jina lake sikuwahi kulisikia, na pale dirishani hakuna aliyenidokezea kwamba jambo hilo hutokea.

Hatua ya 1: Jua pesa huliwa wapi

Huliwa mahali patatu, na watu wengi huona mahali pamoja tu.

Pa kwanza ni ada ya kutuma, ile iliyoandikwa. Juu ya ada hiyo serikali huongeza ushuru wa asilimia 15. Ushuru huo hukatwa kwa ada, si kwa pesa unazotuma, kwa hivyo usishtuke sana.

Pa pili ni bei ya kubadilisha. Ukiona dola moja ni shilingi 129 kwenye habari, hiyo ni bei ya kati. Hakuna anayekuuzia kwa bei hiyo. Benki itakuuzia kwa 132 au 133, kadi nayo itaweka chake juu, na tofauti hiyo ndiyo faida yao. Wanaotangaza kwamba "kutuma ni bure" hula hapa. Benki Kuu ya Kenya huweka bei za kila siku ya kazi kwenye tovuti yake, basi angalia huko kwanza, andika namba kwenye karatasi, kisha ulinganishe na unayoambiwa.

Pa tatu ni njiani. Benki nyingi zetu hazina akaunti katika benki ya yule unayemtumia. SWIFT, mtandao wa mawasiliano ya benki ulioanzishwa Ubelgiji mwaka 1973, hubeba ujumbe tu. Pesa zenyewe hupita benki moja au mbili za katikati, na kila mmoja anayezishika anaweza kujimegea.

Sasa tupige hesabu. Ada hizi nimezitunga kwa ajili ya mfano, weka zako mahali pake. Tuseme bei ya kati ni 129, benki inakuuzia dola kwa 133, ada ni shilingi 2,000 na ushuru wake 300, na njiani zinakatwa dola 15. Unatuma dola 50. Mfukoni zimetoka shilingi 8,950. Ng'ambo zimefika dola 35, ambazo kwa bei ya kati ni shilingi 4,515. Yaani shilingi 4,435, karibu nusu ya pesa zako, zimeishia njiani.

Malipo yaleyale ukiyafanya kwa kadi inayoweka asilimia 4 juu ya bei ya kati: zinatoka 6,708, zinafika dola 50 zote. Umepoteza 258.

Lakini endelea kidogo na hesabu hiyohiyo, maana watu hupenda kusema benki ni wezi na kuishia hapo. Tuma dola 5,000. Kadi itakula shilingi 25,800. Benki, pamoja na makato yote, 24,235. Benki imeshinda! Ada isiyobadilika ni kama nauli ya matatu: gunia zima au ratili moja ya omena, kiti chako ni bei ileile. Kwa hiyo njia nzuri ya mjomba anayelipa karo ya mwaka mzima haiwi nzuri kwako wewe wa yuro 30, na ushauri wake usiupokee mzimamzima.

Hatua ya 2: Muulize anayepokea kabla ya kuuliza benki

Hapa ndipo wateja wangu wengi hukosea. Wanakuja wameshaamua: "Nataka kutuma kwa benki." Mimi huuliza, huyo wa upande wa pili anapokea kwa njia gani? Mara nyingi hawajui. Tunafungua ukurasa wa malipo wa chuo au wa duka, tunashuka hadi chini kabisa, na hapo pana maandishi madogo kwamba wanapokea Visa na Mastercard. Namba ya akaunti ya benki imewekwa juu kwa sababu ndiyo wenyeji wa huko hutumia, na kwao ni bure au karibu bure. Kwako si bure.

Uliza mambo mawili, kwa barua pepe ukihitaji: mnapokea kadi au pesa za simu? Na kiasi gani hasa kinapaswa kuwafikia, kwa sarafu gani? Jibu la swali la pili lihifadhi. Ukituma 75 zikafika 60, kwao hujalipa.

Hatua ya 3: Kama wanapokea kadi, umeshapona

Huhitaji kadi ya plastiki. Tangu 2022 M-Pesa ina GlobalPay, kadi ya Visa isiyoshikika, namba tu ndani ya simu, inayochukua pesa moja kwa moja kwenye salio lako la M-Pesa. Fungua programu ya M-Pesa au bonyeza *334#, nenda kwenye Lipa na M-Pesa, tafuta GlobalPay, ukubali masharti. Utapewa namba ya kadi na tarehe ya kuisha. Zile namba tatu za usalama hutolewa kila unapotaka kulipa na hazikai muda mrefu, basi fungua kwanza ukurasa wa malipo, jaza kila kitu, ndipo uziombe. Vijana wengi huziomba wakiwa bado wanatafuta paspoti, zikaisha.

Mambo madogo yanayokwamisha malipo ya kadi, nayaandika kama yanavyonijia kaunta:

Jina. Andika lile lililosajiliwa kwenye laini. Si la utani, si la Facebook.

Anwani. Fomu za ng'ambo hulazimisha msimbo wa posta, na watu hujaza sufuri tano wakakataliwa. Kisumu ni 40100. Nakuru 20100, Kakamega 50100, Bungoma 50200, Busia 50400. Ni ule ulioandikwa karibu na namba ya sanduku la shule yako ya msingi.

Salio. Weka zaidi ya bei kwa asilimia 5 au hivi. Bei ya yuro uliyoiona kwenye Google siyo utakayokatwa, na ukipungukiwa na shilingi 40 malipo yote yanarudi.

Sarafu. Ukurasa ukikuuliza kwa upole kama ungependa kulipa kwa shilingi za Kenya, kataa. Chagua sarafu ya muuzaji. Ukikubali shilingi, muuzaji au kampuni yake ya malipo ndiye anayepanga bei ya kubadilisha, na hajipangii hasara. PayPal nayo hubadilisha yenyewe kwa bei yake usipoiambia vingine. Kabla ya kuthibitisha, tafuta chaguo la kuiachia kadi kazi ya kubadilisha, kisha linganisha namba mbili hizo. Usikisie.

Kodi. Tangu 2021 kampuni za ng'ambo zinazouza huduma za kidijitali Kenya zinatakiwa kutoza VAT, sasa asilimia 16. Mwalimu wangu wa tovuti ya kanisa aliona bei imepanda ghafla mwishoni mwa malipo akadhani mimi ndiye nimeongeza changu. "Kijana, hii ya juu ni ya nani?" Nikamwambia, "Mwalimu, hiyo ni ya serikali." Akacheka, lakini risiti akaisoma mara mbili.

Kadi ya benki ya kawaida yenye nembo ya Visa au Mastercard pia inafaa. Ila benki nyingi hufunga malipo ya mtandaoni au ya ng'ambo mpaka uombe wafungue. Piga simu kabla ya siku ya kulipa, na uulize papo hapo: mnaweka asilimia ngapi juu ya bei ya kubadilisha? Wakijibu "hakuna makato", rudia swali polepole. Hukuuliza makato, umeuliza bei.

Na laini yako iwe kwenye simu, maana namba ya kuthibitisha huja kwa ujumbe. Nimewahi kuona mtu akilipia ada dakika za mwisho huku laini yake iko kwa ndugu yake Siaya.

Kuna faida nyingine ya kadi isiyosemwa sana: muuzaji asipoleta kitu, unaweza kulalamika na kudai pesa zirudishwe kupitia aliyekupa kadi. Ukimtumia mtu usiyemjua kwa pesa za simu au za kuchukua mkononi, umemtumia, basi.

Hatua ya 4: Kama ni jirani, usipite Ulaya

Mama wa vitenge aliwahi kumpa dereva wa basi la Kampala bahasha. Siku nyingi ilifika. Siku moja haikufika. Wengine walikuwa wanapanda gari hadi Busia, wanabadilisha kwa wale wa mpakani, wanavuka, wanarudi jioni. Nauli peke yake ni kubwa kuliko makato yoyote ya simu.

M-Pesa Global hutuma kwa laini za Uganda, Tanzania na Rwanda, na nchi nyingine kadhaa. Airtel Money nayo ina njia zake. Unaingia kwenye programu, unachagua nchi, unaandika namba ya mpokeaji ikianza na msimbo wa nchi: 256 Uganda, 255 Tanzania, 250 Rwanda. Ile sufuri ya mwanzo inaachwa. Kabla ya kuweka namba ya siri, simu itakuonyesha ada na kiasi kitakachofika kwa shilingi za kule. Hapo ndipo pa kusimama na kupiga hesabu ya hatua ya kwanza. Kikomo cha M-Pesa kwa mara moja ni shilingi 250,000, na malipo tunayoyazungumzia hapa hayakikaribii.

Kumbuka na upande wa pili. Uganda hutoza kodi ya asilimia 0.5 kwa pesa zinazotolewa kwenye simu, juu ya ada ya wakala. Kama mlikubaliana kwamba muuzaji apate laki tano za Uganda mkononi, ongeza ya kutolea, sivyo mtagombana kwa kitu kidogo. Au mwambie azitumie kulipa kutoka kwenye simu bila kuzitoa, kama anavyofanya huyu wa Kampala sasa.

Na tafadhali, hakikisha namba kwa kumpigia. Kosa la ndani ya nchi unaweza kulifuatilia upate pesa zako. Likishavuka mpaka, unashughulika na kampuni mbili na mtu asiye na haraka.

Kwa mwenye akaunti KCB au Equity: zote mbili zina benki tanzu Uganda, Tanzania, Rwanda na Sudan Kusini. Kama mpokeaji ana akaunti kwenye kundi hilohilo, uliza ada ya kutuma ndani ya kundi kabla ya kukubali SWIFT. Na kama benki ni tofauti, uliza kuhusu EAPS, mfumo unaounganisha benki kuu za Afrika Mashariki, ambao unakuwezesha kutuma kwa sarafu za hapa bila kupitia dola. Usishangae karani akienda kumuuliza mwenzake.

Hatua ya 5: Kama ni lazima iwe benki

Wapo wasiopokea kitu kingine. Basi fanya hivi.

Pata maelezo kamili kwa maandishi, usinakili kwa sikio. Ulaya watakupa IBAN, yaani namba ndefu ya akaunti: ya Ujerumani huanza na DE na ina herufi na tarakimu 22, ya Ufaransa 27. Zihesabu. Marekani hawatumii IBAN, wana namba ya benki ya tarakimu 9 pamoja na ya akaunti. India wana msimbo wa IFSC wa herufi na tarakimu 11. Kila benki ina msimbo wake wa SWIFT, wa herufi na tarakimu 8 au 11.

Kwenye fomu kuna mahali pa kuchagua nani anabeba makato, pameandikwa OUR, SHA na BEN. OUR maana yake wewe unalipa yote. SHA mnagawana. BEN mpokeaji anakatwa. Mimi siku ile nilitia alama SHA kwa sababu ndiyo iliyokuwa ya katikati na ilionekana ya haki. Kwa ada za chuo au bili yenye kiasi kamili, chagua OUR, na umuulize karani itakugharimu kiasi gani zaidi.

Kisha jumlisha safari. Kwa kuwa ada haibadiliki, kutuma mara moja kwa miezi mitatu ni nafuu kuliko mara tatu. Vijana wawili waliokuwa wanalipia mtihani kwenye kituo kimoja walimwandikia mwenye kituo, akakubali malipo ya pamoja yenye majina yote mawili, wakagawana ada. Uliza kwanza, si kila ofisi inakubali. Ila kwa kadi na simu, ambako sehemu kubwa ya makato ni asilimia, kurundika hakukupunguzii kitu kikubwa.

Sehemu ya "sababu ya malipo" ijaze vizuri: ada ya maombi, namba yako ya maombi, jina lako. Malipo yasiyo na maelezo husimamishwa wakaguzi wakaulize, au hufika yakakosa mwenyewe.

Hatua ya 6: Njia nyingine, na mitego yake

Anayehitaji noti mkononi mtumie kwa Western Union au kampuni nyingine ya namna hiyo. Jina liwe sawasawa na la kitambulisho chake, na umpe yeye peke yake ile namba ya tarakimu 10. Kwa pesa ndogo sana ada yake huuma, kwa hiyo ibaki ya dharura.

Ukiambiwa kuna programu ya bei nafuu kutoka Ulaya, uliza inaelekea wapi. Nyingi zinazosifiwa na ndugu zetu walioko nje zinaleta pesa Kenya, hazizitoi. Utapakua, utajisajili, utapiga picha ya kitambulisho, mwishoni ukute shilingi ya Kenya haimo kwenye sarafu za kutuma. Angalia hilo kwanza.

Kampuni za kutuma pesa hupewa leseni na Benki Kuu, na orodha iko kwenye tovuti yake. Yule wa Telegram anayesema mtumie yeye M-Pesa naye atakulipia kwa dola, hayumo.

Sarafu za kidijitali kama USDT vijana huniuliza sana. Zinaweza kuwa rahisi, kama mpokeaji anazitaka na nyote mnajua mnachofanya. Ukituma kwa mtandao usio wake, hakuna kaunta ya kwenda kulia. Chuo cha Ujerumani hakizipokei, na mama wa Kampala hana habari nazo.

Baada ya kutuma

Piga picha ya skrini, hifadhi ujumbe wa M-Pesa, tuma nakala kwa mpokeaji siku hiyohiyo. Kama ulilipia kitu kinachojirudia kila mwezi, nenda ukakifute kule ulikojiandikisha mara usipokihitaji, maana kadi haitajua kwamba umeacha kutumia.

Pesa za benki zisipofika baada ya siku tano za kazi, usikubali jibu la "subiri". Omba nakala ya ujumbe wa SWIFT, ule uliokuwa ukiitwa MT103 hadi 2025. Ina tarehe, kiasi kilichotoka na namba ya kufuatilia. Mtumie mpokeaji, benki yake itaweza kuzitafuta kwa namba hiyo. Huo ndio ukurasa niliopaswa kuuomba siku ya kwanza na yuro zangu 40, badala ya kumwonyesha karani muhuri wake mwenyewe.